Ulimbo Ndani ya Eda

Ijumaa, 2 Mei 1969

Assalaam alaykum, daftari. U hali gani? Miezi miwili umelala drooni chini ya bisbisi, hakuna aliyekujulia hali. Mimi sijambo, alhamdulillah – kwa kadiri mjane anavyoweza kuwa hajambo. Mwenyewe, Abdala wangu, alitutoka Jumamosi ile ya kwanza ya Machi. Kurasa zako za mbele ni zake: redio ya fulani, valvu imekufa, redio ya fulani, mende wamekula waya. Hizi zilizobaki nazichukua mimi. Nani wa kunikataza?

Nimo edani. Miezi minne na siku kumi, nitatoka Jumanne tarehe nane Julai, inshallah. Sitoki, sijipambi, sijifukizi, sivai cha rangi. Hapo sina ubishi. Mungu amesema, nimesikia.

Lakini shemeji Alawi si Mungu! Leo kaja, kasimama nje ya pazia, sauti ya upole, ya mtu mwenye lake. Siku nitakayotoka eda, alasiri, wazee watakaa kugawa mirathi. Yupo mtu wa Dar anavitaka vyombo vyote vya kazi vya kaka yake. Na chumba cha mbele, cha ufundi, atampangisha muuza nguo. Mimi nitakwenda kukaa kwa dada yangu Mwanahija, Mapinga. Ameshapanga. Hata mihogo nitakayolima huko kaniambia.

Nikamwambia: robo yangu nipeni vyombo na mniache chumbani.

Akacheka. "Utalehemu nini, shemeji? Masufuria?"

Akaona bado haijatosha. Akasema siku watu watakapomwambia kwamba Sihaba ni fundi, vyombo ataniachia, na chumba juu yake.

Dada Mwanahija, aliyekuja kukaa nami mpaka eda iishe, alikuwa hapa hapa mkekani. "Nimekusikia, Alawi," kamwambia. "Nina masikio mawili na yote mazima."

Sasa nikuambie wewe peke yako. Miaka sita mkono wa Abdala ulikuwa unatetemeka. Kijiko cha chai kilimshinda, sembuse waya mwembamba. Yeye alikaa barazani na wateja, akawasikiliza, akajua redio inaumwa nini kwa kuisikia tu – hapo hakuwa na mwenzake. Kisha redio inaingia ndani. Ndani nilikuwa mimi. Watu wakasifu: Abdala ana mkono mwepesi! Mkono wenyewe ni huu unaoandika. Aliniambia, "Nisitiri, Siha." Nikamsitiri.

Sasa sitara ile ile inanitoa chumbani.

Jumapili, 4 Mei

Leo kaja Mtoro, mpiga gitaa wa bendi ya hapa mjini. Mtu mzima, ana mvi, sauti ya kukwaruza. Kakaa barazani, mimi nyuma ya pazia, dada katikati yetu kama ukuta – ukuta unaotafuna tambuu. Katoa mkono wa pole. Kaulizia afya yangu mara tatu. Dada akachoka: "Baba, sema kilichokuleta, jua linapanda."

Amplifaya yao imeungua. Saba Saba wamepangiwa kupiga uwanjani, wageni watajaa. Marehemu alimwahidi, kabla hajaugua, kumuundia nyingine kwa vipande vya zamani. Je, alikuwa ameshaanza?

Hakuwa ameanza. Kuna karatasi moja tu yenye mchoro. Yeye alisema, mistari nilipiga mimi.

Nikasema, "Ipo. Utaipata kabla ya Saba Saba."

Mtoro kashukuru mpaka kasimama. "Mungu amrehemu fundi! Hata kaburini anatufanyia kazi." Dada kapaliwa na tambuu.

Sikusema uongo. Nilisema ipo, na mchoro upo. Kazi ya nani, sikusema – wala hakuniuliza. Hata hivyo moyo umenisuta mpaka magharibi.

Alhamisi, 15 Mei

Kazi imeanza! Kila siku baada ya adhuhuri mpaka inapoadhiniwa alasiri. Sheria imeniweka ndani, haikunifunga mikono. Na ndani humu hakuna mwanamume wa kuingia. Sijapata kuwa na karakana yenye faragha namna hii.

Vipande nimekusanya. Transfoma ya umeme ni ya redio kubwa ya Mgiriki mmoja wa shamba la mkonge, aliileta akaondoka nchini hakuirudia. Spika na transfoma yake vimetoka Msata, kwenye lori bovu la sinema ya kuzunguka vijijini, lililokufa hapo njia panda. Mtoro alikwenda mwenyewe kuomba. Kasema kuku wanatagia ndani ya spika. Nami nimekuta nyoya.

Valvu mbili za nguvu, zinazokuza sauti, zote ni za namba moja, 6V6, lakini si mapacha. Moja ya kioo. Nyingine ya chuma tupu, ya redio ya jeshi la wakati wa vita. Ya kioo unaiona inavyowaka, kila mtu anaiona. Ya chuma inafanya kazi ile ile na huoni kitu. Nikacheka peke yangu. Abdala na mimi.

Bati la kufungia vyote sikuwa nalo. Nikatazama ukutani – sinia langu la harusi, zito, alilonipa mama.

Dada kapiga ukelele. "Sinia la pilau la mama!"

"Nimpakulie nani pilau, dada?"

Kalishika sinia kwa mikono miwili lisicheze, mimi nikalitoboa kwa keekee. Matundu matano, mawili ya valvu hizo na matatu ya valvu ndogo. La mwisho halikukaa sawa. Basi.

Jumanne, 27 Mei

Nimewasha leo. Bismillahi kabla ya swichi. Valvu ya kioo ikaanza kuwa nyekundu polepole, nikasubiri – na mara! Mlio! Kama mbuzi kaona kisu. Majirani wamesimama uani. Dada kaficha uso ndani ya kanga kwa kicheko.

Nikazima. Nikasubiri. Nikatoa umeme uliobaki kwenye kondensa, vile vikopo vya kuwekea umeme, kwa bisbisi yenye mpini wa mbao, maana ule hukaa ndani hata waya ukichomolewa ukutani, na ndio unaoua. Nikawaza. Abdala angesema: mlio namna hiyo, waya mbili za transfoma ya spika zimekwenda kinyume. Nikazibadilisha. Nikawasha tena.

Kimya. Kimya kizuri, chenye pumzi ndani yake. Nikagusa waya wa kuingilia kwa kidole: ngrrr! Nimesujudu sijda ya shukurani pale pale baina ya nyaya.

Lakini alasiri kaja Mina, mke wa Alawi, kuniletea uji. Hata hajaketi kaanza kunusa. "Wifi – ubani?"

Si ubani. Ni ulimbo. Lehemu haishiki waya bila ulimbo, na ulimbo ukiguswa na chuma cha moto hutoa moshi mtamu, mweupe, kama chetezo. Nilimweleza. Kaniangalia nilivyokaa, kanga nyeupe, jasho la joto la seredani, jiko langu la makaa, usoni.

"Haya," kasema. Haya yake ile!

Jumatano, 28 Mei

Limeshafika mjini. Dada kalisikia kisimani: mjane wa Abdala anajifukiza ndani ya eda. Na anamfukizia nani? Pazia lile halina mpiga gitaa nyuma yake?

Astaghfirullah. Mimi! Nina miaka arobaini na saba, sijawahi kuacha saumu bila udhuru.

Katika zile waya nilizozibadilisha jana kilibaki kiungo kimoja cha kulehemu upya, mguu wa valvu ya chuma unapokutana na transfoma ya spika. Nilikifanya leo bila ulimbo. Nimekwangua waya kwa kisu, nikabandika lehemu kavu kavu, dirisha limefungwa, kama mwizi nyumbani mwangu. Kimeshika. Nadhani kimeshika. Hakikung'aa, kimekuwa cha kijivu.

Nimeona haya. Si kwa watu – kwa kile kiungo.

Ijumaa, 30 Mei

Jana usomaji wa Maulidi ulinifikia dirishani, nikaitikia peke yangu kitandani. Leo baada ya Ijumaa kaingia Mwalimu Mardhiya, aliyenifundisha msahafu, na mkongojo wake. Shikamoo, marahaba, hajakaa.

"Sihaba. Nimeambiwa unajifukiza."

Nilitia chuma makaani, nikachukua waya, nikachovya kwenye ulimbo. Moshi ukapanda. Mwalimu akainama mpaka miwani ikaota ukungu. Kanusa kulia, kanusa kushoto. Kapiga chafya mara mbili.

"Hii," kasema, "hakuna mwanamume atakayeifuata hii."

Dada kalala chali kwa kucheka. Mwalimu hakucheka. Kaniambia kazi ya mikono haimharibii mjane eda yake, hii si manukato bali ni kifaa cha kazi, na atawaambia hivyo wanawake wote leo leo. Halafu kanielekezea mkongojo. "Harufu nimekuruhusu. Dansi sikukuruhusu. Hilo utajibu mwenyewe."

Nitajibu, mwalimu. Mimi nafunga nyaya. Abdala aliahidi na ahadi ni deni lake, nami sitaki alale nalo.

Kile kiungo cha juzi nitakirudia.

Jumamosi, 14 Juni

Boksi limekwisha, mbao za sanduku la chai, mbele nimewamba kaniki. Mtoro kaja na gitaa. Amplifaya barazani, mimi ndani, waya wa umeme unapita chini ya pazia.

Kapiga uzi mmoja. Akauacha ulie. Ulilia mpaka ukajiishia wenyewe, mnene, una asali. Kapiga tena. Halafu kaliweka gitaa chini, nikaogopa.

"Bi Sihaba," sauti imembadilika. "Kuna kitu humu. Nimepigia amplifaya za dukani, za maboksi mapya. Haziimbi hivi."

Nilijibana mdomo kwa upindo wa kanga. Nilitaka kumwambia: ni zile valvu mbili zisizolingana! Moja inatangulia, nyingine inaifuata nyuma kidogo. Nilitaka kumwambia, wallahi.

"Fundi Abdala," kasema, "hakuna tena kama yule."

Kiungo cha kijivu sijakirudia. Kiko chini ya kondensa kubwa, itabidi nifungue nusu ya kazi. Na inalia vizuri hivi!

Jumatatu, 23 Juni

Mtoro kajisifia kila mahali. Basi Alawi kaja, na wazee wawili nyuma yake. Kaipapasa amplifaya, naona mkono wake tu kwenye upenyo wa pazia.

"Kazi ya mwisho ya kaka yangu," kawaambia wazee. "Hii nayo ni mirathi. Bendi waipigie Saba Saba, kesho yake inakwenda Dar na vyombo vingine."

Mirathi! Marehemu kazikwa Machi, sinia limetobolewa Mei! Mali gani ya maiti inayoota baada ya mazishi?

Ulimi ulikuwa kwenye meno. Ningelisema. Lakini mmoja wa wazee akasema taratibu, "Abdala, Mungu amrehemu, mkono wake ule..." na mwenzake akaitikia Amina. Nikauona uso wa Abdala, siku ile kijiko kilipomwanguka mbele ya wageni. Nikalimeza neno.

Nimeswali magharibi nikiwa na hasira. Sijui imekubaliwa.

Alhamisi, 3 Julai

Nimemuuliza Mwalimu Mardhiya. Nimemwambia yote – mkono, kijiko, miaka sita. Nilidhani atashtuka. Alikuwa anachambua mchele wangu, hakuinua macho.

"Maiti husitiriwa aibu yake," kasema. "Kutetemeka mkono ni maradhi. Tangu lini maradhi yakawa aibu?"

"Aliniomba, mwalimu."

"Aliomba akiwa hai, na tonge alikuwa analeta yeye. Leo tonge linatoka wapi?"

Kisha kaninyooshea punje moja nyeusi, kaitupa. Nami sijakata shauri.

Jumapili, 6 Julai

Wameichukua. Watu wanne na mkokoteni. Mtoro kaifunika kwa blanketi lake mwenyewe.

Chumba kikubwa sasa. Alawi kapita na yule mtu wa Dar, mimi nimejitenga chumba cha ndani, wanahesabu koleo zangu. Nimemsikia mgeni akiuliza nani aliyekuwa anatumia kiti hiki kifupi. Alawi kasema: hicho cha mke, alikuwa anamshikia taa.

Kumshikia taa!

Jumatatu, 7 Julai – Saba Saba

Asubuhi. Siku moja tu ya eda imebaki. Mji mzima umekwenda uwanjani, na dada kavaa kanga mpya, kaniachia mlango wa uani wazi ili nisikie.

Saa kumi kasoro. Wameanza! Hotuba zimekwisha, ngoma zimetulia, na gitaa limeingia. Kutoka kule mpaka huku, juu ya mapaa yote! Nimekaa kizingitini kwa ndani, mguu haujavuka. Naisikia valvu ya kioo. Naisikia na ya chuma. Mama, sinia lako linaimba. Nimelia, na sioni haya kuandika kwamba nimelia.

Baadaye kidogo. Limekatika. Katikati ya wimbo. Ngoma zinaendelea, gitaa hakuna. Nimehesabu mpaka mia. Hakuna.

Dada karudi mbio, viatu mkononi. Imezima yenyewe, taa ya mbele bado inawaka ila sauti hakuna. Mtoro kaduwaa. Watu wanazomea. Na Alawi kasimama mbele ya wazee wote, wale watakaogawa kesho, anasema kwa sauti: "Msiwalaumu bendi. Kaka yangu mwishoni hakuwa fundi tena. Mkono ulishamtoka. Mnaona wenyewe kazi yake."

Nimemwambia dada arudie. Karudia, neno kwa neno.

Kazi yake!

Basi. Basi, Abdala. Nilikuficha wasikucheke, na sasa wanakucheka kwa kosa langu. Kiungo kile cha kijivu. Viungo hamsini na zaidi nimevifanya kwa ulimbo na bismillahi, kimoja tu kwa kuogopa maneno ya kisimani – na hicho hicho! Kikiwa hicho ndicho kilicholegea kwa joto, ni kazi ya dakika tano. Ikiwa ni transfoma ya lori, hapana dawa.

Mwalimu kasema mjane hutoka mchana kwa haja ya lazima. Ningeweza kutoka. Lakini siendi kule kama mshitakiwa. Waje wao. Waione karakana, wakione kiti kifupi.

Nimechana ukurasa wako wa mwisho kabisa, daftari, unisamehe. Nimeandika kwa kalamu ya wino. Dada kauficha kifuani na kaondoka, anakimbia na umri ule. Kabla hajatoka kasema, "Nitausoma kwa sauti, Siha, hata wakinizuia." Seredani inawaka. Chuma kimo makaani. Bonge zima la ulimbo liko mezani, na madirisha yote nimeyafungua.

Nilichoandika nakinakili hapa, nisije siku moja nikajidanganya kwamba sikukiandika:

Bwana Mtoro, salaam. Usitie mkono ndani, wala usimruhusu mtu, hata waya ukiwa umechomolewa – umeme umebaki kwenye kondensa. Peleka pua tu nyuma ya boksi. Ikinuka rangi iliyoungua, transfoma imekwenda, uwaombe watu radhi. Isiponuka kitu, ni kiungo cha valvu ya chuma, nami nakijua kwa kuwa nilikifanya mwenyewe tarehe 28 Mei, vibaya, kwa woga. Marehemu hakuigusa kazi hii. Alikuwa ameshazikwa. Kosa si lake. Na zile redio zenu za miaka sita, mkimuuliza mwenye kuzilehemu, ni huyu huyu. Shemeji Alawi ayasikie haya, akumbuke neno lake la vyombo na chumba, na wazee wayasikie. Ileteni hapa na gitaa lako pia, jua bado lipo.

Mimi fundi, Sihaba binti Mrisho.

Inanuka nini? Nijibu upesi.